Barua ya wazi kwa wanaosimamia kliniki za CTC: mkojo nao upimwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Mganga Mkuu wa Serikali, na kwenu nyote mnaokaa mezani kupanga bajeti ya huduma za VVU Tanzania.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka 16 kwenye kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, huku Kanda ya Ziwa, na nawaandikia kwa sababu ya kikombe cha plastiki chenye mkojo wa kijana mmoja.

Kijana huyo alizaliwa na VVU. Nilimpokea akiwa darasa la kwanza, akiletwa na bibi yake aliyekuwa anatembea na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni, ndani ya khanga. Alipofika miaka 17 akaacha dawa, kama wanavyoacha wengi wa rika lile wanapochoka kuulizwa wanakunywa nini kila usiku. Alipotea mwaka mmoja na nusu. Washauri rika wetu wakamtafuta, wakampata, akarudi. Wingi wa virusi ukashuka mpaka kipimo kikasema havionekani, na siku majibu yalipotoka tulimpigia makofi pale pale dirishani. Akaanza kuendesha bodaboda. Tukajua huyu amevuka.

Asubuhi moja akaja siku isiyo ya kliniki. Akakaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha, ndipo akaniambia, "Sista, mkojo wangu unatoa povu, na povu lenyewe halikatiki." Lilikuwa na zaidi ya mwaka. Kwanza alidhani ni zile soda za kuongeza nguvu, baadaye akadhani ni jua na kutokunywa maji barabarani. Hakuwa amevimba uso wala miguu. Presha yake ilikuwa ya kawaida, uzito mzuri. Ungemtazama ungemrudisha nyumbani kwa amani.

Nilimpa kikombe, nikafungua kabati kutafuta kijiti cha kupimia mkojo. Hakikuwepo, na ule haukuwa mwezi wa kwanza kukosekana. Nikavuka barabara mpaka duka la dawa, nikanunua kwa pesa yangu, nikarudi, nikachovya, nikahesabu sekunde sitini. Kile kimraba cha protini kilitoka njano kikawa kijani, kijani kikaendelea kukolea mpaka kikafika rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye chupa. Nikachukua kadi yake. Kurasa kwa kurasa: uzito, kikohozi, homa, CD4 (seli za kinga), wingi wa virusi, tarehe ya kurudi. Miaka yote hiyo, protini ya mkojo haikuandikwa hata mara moja. Mwandiko kwenye nyingi ya kurasa hizo ni wangu.

Hospitali ya rufaa walimpima kreatinini, taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, ikawa juu sana. Kwenye ultrasaundi figo zake zilionekana kubwa na nyeupe. Figo zilizochoka kwa presha kwa kawaida husinyaa. Za ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU mara nyingi hubaki kubwa, na hiyo ni mojawapo ya alama zake. Leo kijana anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne nne kwenye mashine. Pikipiki iliuzwa.

Watu wema, wenye elimu kunizidi, waliniuliza: kama virusi havionekani kwenye damu, figo zimeharibiwa na nini? Swali hilo nililala nalo. Nikamwendea daktari mmoja wa figo, mtu mwenye subira, akanipa makala za kusoma. Nimezisoma kwa miezi, usiku, watoto wakishalala. Nitawaeleza nilichoelewa kwa lugha ninayotumia kliniki, kwa sababu naamini mkikielewa na ninyi, kile kijiti kitakuwemo kabatini.

VVU vikiingia kwenye seli hujiandika ndani ya vinasaba vya seli hiyo na kukaa humo. Mwanzoni mwa maandishi hayo pana kipande kinachofanya kazi kama swichi. Swichi ikizimwa, jeni za virusi zipo lakini zimenyamaza. Lililonishtua ni kwamba swichi hii hutii sauti ya mwili wenyewe. Seli zetu zina protini za kuamsha jeni, mojawapo ikiitwa NF-kappa B. Seli ikipata ujumbe wa kuamka, protini hizo huingia kwenye kiini na kushika sehemu maalumu za vinasaba ili kazi ianze, na VVU navyo, kwenye swichi yake, vina mahali pa kushikwa na protini hizo hizo.

Ujumbe wa kuamka huletwa na nani? Miongoni mwa waletaji ni vichocheo vya ukuaji. Hizi ni protini ndogo ambazo mwili huzituma kuziambia seli zikue, zigawanyike, zizibe jeraha, zitengeneze mshipa mpya. Bila vichocheo hivyo kidonda hakiponi na mtoto tumboni hakui. Mkulima wa pamba huku kwetu hili analielewa haraka: mbegu iliyolala kwenye udongo mkavu haijafa, na mvua inayootesha pamba huotesha na magugu.

Sasa njooni kwenye figo. Figo moja ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio kimefunikwa na seli zenye vidole vingi vilivyosukana kama ukindu wa mkeka. Zinaitwa podosaiti, na ndizo zinazozuia protini ya damu isiishie kwenye mkojo. Podosaiti ikishakomaa hutulia, haitakiwi kugawanyika tena. Mwaka 1984 madaktari wa Brooklyn na Miami, Marekani, walianza kuripoti wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakimwaga protini nyingi kwenye mkojo na figo kufa kwa miezi michache. Wapo waliobisha wakasema hayo ni madhara ya heroini. Lakini hata watoto walikuwa wanaugua, na mtoto hajidungi heroini. Walipochukua vipande vya figo na kuvitazama kwa hadubini, wakakuta vichujio vimeporomoka na juu yake podosaiti zimesahau kazi yake, zimepoteza vidole, zinagawanyika ovyo.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya waliopandikizwa jeni za VVU. Jeni mbili kubwa, gag na pol, zilikuwa zimekatwa, kwa hiyo panya wale hawakuweza kutengeneza kirusi hata kimoja. Na bado figo zao ziliugua ugonjwa ule ule. Mwaka 1997 zikabadilishwa figo: figo yenye afya ikawekwa kwa panya mwenye jeni za virusi, na figo yenye jeni hizo ikawekwa kwa panya mwenye afya. Ile nzima ilibaki nzima ndani ya mwili mgonjwa. Iliyokuwa na jeni ikaugua ndani ya mwili mzima. Ugonjwa ulifuata figo, haukufuata damu. Niliposoma sentensi hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa nimemtazama yule kijana kwa damu peke yake.

Kwenye panya hao hao, mwaka 1994, kikapatikana kitu kingine: figo zao zilikuwa zimerundika kichocheo cha ukuaji kiitwacho FGF-2. Kichocheo hiki kwa kawaida hukaa kimenasa kwenye minyororo ya sukari inayozunguka seli, kama mahindi ghalani yanayosubiri msimu. VVU vina protini yake iitwayo Tat, inayotoka kwenye seli iliyoambukizwa na kwenda kwa majirani. Tat nayo hunasa kwenye minyororo hiyo hiyo, na inaweza kukisukuma FGF-2 nje kikawa huru. Wanaotibu kansa ya Kaposi, ile inayowapata wenye VVU, wanalijua jambo hili tangu miaka ya tisini, kwamba Tat na FGF-2 vikikutana hufanya kazi ambayo kimoja peke yake hakiiwezi.

Ukiunganisha hapo unaona mduara. Virusi vinafungua ghala la vichocheo. Vichocheo vinaiamsha seli ya figo. Seli ikiamka, swichi ya virusi huenda nayo ikapata nguvu. Jeni iitwayo Nef ikifanya kazi ndani ya podosaiti huilazimisha igawanyike na kutoa kichocheo kingine, VEGF. Kisha TGF-beta, ambacho kazi yake ni kuponya kwa kutengeneza kovu, kinajaza makovu mahali palipokuwa na kichujio. Kovu halichuji. Sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwa panya na kwenye seli za maabara, na wataalamu wenyewe kwenye habari ya vichocheo kuwasha jeni za virusi wanatumia neno "huenda". Nami nalitumia hivyo hivyo. Lakini kwamba virusi hukaa ndani ya figo ya binadamu, hapo hakuna "huenda". Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba virusi vilivyomo kwenye seli za figo vilikuwa na tofauti zake na vile vya kwenye damu ya mtu yule yule, ishara kwamba vimejenga makao humo.

Mwaka mmoja kabla, New York, alielezwa mgonjwa ambaye dawa za kufubaza virusi zilizirudisha figo zake katika hali nzuri ya kushangaza, lakini kipande cha pili cha figo kilipochunguzwa, jeni za virusi bado zilikuwa zinafanya kazi ndani. Mwaka 2014 madaktari wa Paris waliwachunguza watu 19 wenye VVU waliopandikizwa figo. Virusi vyao havikuonekana kwenye damu. Kwa 13 kati yao, virusi vilikutwa ndani ya figo mpya, figo ya mtu mwingine iliyoingia mwilini ikiwa safi.

Kwa hiyo niliyeulizwa swali sasa nina jibu la kumpa aliyeniuliza. Mwaka mmoja na nusu bila dawa ulitosha. Virusi viliamka, figo zikaanza kuvuja, na dawa ziliporudi zikazima moto wa kwenye damu, na bila shaka zikapunguza na wa kwenye figo, lakini makovu yalikuwa yameshaanza na hakuna aliyetazama. Kama tungetazama wakati ule anarudi, kulikuwa na la kufanya.

Msinielewe vibaya. Dawa za kufubaza ndizo zinazookoa figo za watu wetu, na hakuna tiba ya ugonjwa huu iliyo bora kuliko kuzianza mapema na kutoziacha. Utafiti wa taifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima walio kwenye dawa, zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Nilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya kutufikisha hapo usiku na mchana, na ninajivunia kabisa. Ila mafanikio haya yametufanya tuwe na namba moja tu tunayoitazama. Ikiwa nzuri, tunafunga faili.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawajaliona. Vidonge vingi tunavyogawa sasa vina tenofovir na dolutegravir. Tenofovir, kwa wachache, huumiza mirija ya figo. Dolutegravir haiumizi figo, lakini huizuia mirija isitoe kreatinini kama kawaida, kwa hiyo kreatinini ya damu hupanda kidogo kwenye wiki za mwanzo hata kama figo ni nzima. Maana yake ni kwamba hata pale tunapobahatika kuwa na kitendanishi cha kreatinini, namba inayotoka inahitaji msaidizi wa kuitafsiri. Msaidizi huyo ni mkojo. Protini ikiwemo kwa wingi, hiyo si dolutegravir.

Sasa ninachoomba.

Kila anayeanza dawa, kila anayerudi baada ya kuziacha, na kila mtoto anayehamia kliniki ya vijana, achovyewe kijiti cha mkojo siku hiyo hiyo, bure, na baada ya hapo kila mwaka. Jibu liwe na safu yake kwenye fomu na liingie kwenye takwimu mnazotudai kila mwezi. Nasisitiza hili la takwimu kwa sababu nimekaa kwenye mfumo muda mrefu. Kitu kisichodaiwa kwenye ripoti hakiagizwi, na kisichoagizwa hakifiki. Mwongozo unaweza kusema vizuri mno, kabati likabaki tupu. Nawaomba msisubiri mtu avimbe, maana wengi wa wagonjwa hawa hawavimbi na presha yao haipandi mpaka mambo yameharibika. Pesa ya kipindi kimoja tu cha kusafisha damu inanunua vijiti vya kupimia mamia ya watu.

Atakayekutwa na protini asiambiwe tu aende rufaa. Kwanza tuhakikishe dawa zake anazimeza. Pili, daktari wa kliniki aruhusiwe na awezeshwe kumwanzishia enalapril au captopril, vidonge vya bei nafuu ambavyo tayari tunavitumia kwa presha. Vidonge hivi hupunguza protini inayovuja, na vinafanya hivyo kwa sehemu kwa kushusha angiotensini, kemikali ya mwili inayopandisha presha, ambayo pia huchochea ile TGF-beta ya kutengeneza makovu. Yaani dawa ya kugusa kichocheo cha ukuaji tunayo, iko kwenye maduka yetu. Wanaoitumia kliniki za VVU kwa ajili ya figo ni wachache kwa sababu hakuna anayejua nani anavuja.

La tatu ni la gharama zaidi na ninalisema bila woga. Tunahitaji kuzijua figo zetu wenyewe. Kule Mwanza, utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba matatizo ya figo ni mengi kwa wanaoanza dawa. Lakini ni aina gani ya ugonjwa? Virusi ndani ya podosaiti, au kichocho, au dawa za kienyeji, au presha? Huwezi kusema bila kuchukua kipande cha figo kwa sindano na kuwa na mtaalamu wa patholojia wa kukisoma. Wapandikizaji wa figo tunao, Muhimbili walianza 2017 na Dodoma wakafuata 2018, na sote tulishangilia. Wasomaji wa vipande vya figo bado ni wachache mno. Wasomesheni vijana wetu.

Na damu ya utafiti huo iko huku. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba jeni iitwayo APOL1, ikiwa na mabadiliko fulani kutoka kwa baba na kwa mama, humweka mtu kwenye hatari ya ugonjwa wa figo, na baadaye ikaonekana kwamba kwa mwenye VVU hatari hiyo ni kubwa mno. Mabadiliko hayo yalienea Afrika kwa sababu yanamkinga mtu na vimelea vya malale, na aina mojawapo ya vimelea hao ni wale wa mashariki ya bara, wanaopatikana mpaka Serengeti. Yapo kwa wingi Afrika Magharibi. Kwa makabila yetu zaidi ya 120 yamegawanyika vipi, hilo ni swali ambalo linapaswa kujibiwa na Mtanzania, kwenye maabara ya Tanzania, kwa ajili ya wagonjwa wa Tanzania. Panya wa Marekani wametufundisha mengi, Mungu awalipe waliowatunza, lakini panya hawezi kutuambia ya Sengerema.

Najua mtaniuliza pesa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliamka asubuhi tukakuta wenzetu waliokuwa wanalipwa na miradi hawapo, na washauri rika, wale wale waliompata yule kijana, wameambiwa wakae nyumbani. Tulifanya kazi ya watu watatu mmoja mmoja. Siku zile zilinionyesha kitu: kilichobaki imara ni kile kilichokuwa kwenye bajeti yetu. Kijiti cha mkojo ni kitu kidogo mno kuombewa mfadhili. Kiwekeni kwenye bajeti yetu.

Kijana nilimtembelea juzi akiwa kwenye mashine. Bibi yake alikuwa pembeni na ile kadi, bado imo kwenye mifuko miwili ya nailoni. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuustahili, kama wale watoto wengine aliokuwa anakaa nao benchi zamani wameshapimwa mkojo. Nilimwambia tumeanza. Ni kweli tumeanza, kwa mchango wa wauguzi na mtaalamu wetu wa maabara. Kwa wiki sita zilizopita tumepima watu 112 na tisa wamekutwa na protini, mmoja wao ana miaka 11.

Kliniki inayofuata ni Jumanne, tunafungua saa 1:30 asubuhi. Walioandikiwa kuja ni 84. Nimehesabu vijiti vilivyobaki kwenye chupa, viko 31.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa kliniki ya CTC, Kanda ya Ziwa